Oman ilikata mbuga yake juu ya mafuta. Wakaaji wa pembeni ya Virunga wasikie

Mfanyabiashara wa Goma, Bukavu au Butembo anajua njia ya Dubai. Anafika, analala katika hoteli za bei ndogo za Deira, ananunua nguo, telefone na vipande vya pikipiki, anapakia, anarudi. Lakini kuna mara mzigo unachelewa, visa ingali na siku zake, na mtu anabaki na wiki nzima bila kazi. Hapo wazo linazaliwa: kwa nini asiende naye kuona jangwa na nyama wa pori wake, jinsi wageni wanavyokuja huku kuona ngagi?

Wazo hilo ni zuri. Mkongomani naye ana haki ya kutalii, si kazi yake tu kubeba mizigo ya watalii. Ila anayepanga safari hiyo ajue mapema kwamba kile atakachoona kule kinagusa moja kwa moja mashamba, ziwa na kambi za Kivu ya Kaskazini.

Nyama anayetafutwa zaidi kule ni choroa wa Uarabuni. Waarabu wanamwita maha. Mwili wake ni mweupe kama maziwa, miguu ina rangi nyeusi kama mtu aliyekanyaga tope, na pembe zake mbili ni ndefu na zimenyooka. Ukimwangalia kwa upande zinaonekana kuwa moja. Begani anafika karibu mita moja, ni mdogo kuliko ng'ombe wa Masisi. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa maji, anaishi kwa unyevu wa majani na umande. Mvua ikinyesha mbali anahama kufuata majani mapya. Oman nzima inampenda mnyama huyo. Hata kampuni moja ya kuuza mafuta ya gari ilichukua jina la Maha, na anayesoma mpaka mwisho ataona kwa nini jina hilo kwenye kituo cha mafuta linachekesha na kuumiza pamoja.

Mbuga yenyewe iko katikati ya inchi ya Oman, katika tambarare inayoitwa Jiddat al-Harasis. Anayengojea milima ya mchanga kama ile ya televisheni atashangaa: pale ni mawe, changarawe, miti michache ya miiba, na upeo usio na mwisho. Kinachofanya maisha yawezekane ni ukungu unaotoka Bahari ya Arabia. Usiku unaingia mpaka ndani, asubui majani yamelowa, na mbuzi, ngamia na choroa wanakula maji hayo kabla jua halijayamaliza.

Tuanze na karatasi, sababu hapo ndipo wengi wanaanguka. Visa ya Dubai haifungui mlango wa Oman. Ni inchi mbili, na kila moja ina visa yake. Mwenye visa ya Emirati ya kuingia mara moja tu, akitoka kwenda Oman hawezi kurudi nayo kuchukua mzigo wake. Kisha kuna ruhusa ya mbuga. Mtu haingii tu na gari lake: ruhusa inaombwa kwa ofisi ya serikali ya Oman inayosimamia mazingira, na inaombwa kabla ya kutoka Muscat, si ukiwa umeshafika jangwani.

Wakati mzuri ni kati ya mwezi wa Novemba na Machi. Katika miezi ya joto kali kipimo kinaweza kupita digrii 45, na joto la namna hiyo halina utani na mtu wa Goma aliyezoea baridi ya Nyiragongo. Kutoka Muscat mpaka mji mdogo wa Haima, kwenye barabara ya Salalah, ni karibu kilomita 500 za lami nzuri. Mtu akikumbuka Goma–Butembo kupitia Kanyabayonga anaweza kulia. Baada ya lami kuna njia za changarawe, na hapo linatakiwa gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Ni bora magari yawe mawili, na dereva awe mwenyeji. Maji yapakiwe kwa bidoni, si kwa chupa. Tangi lijazwe kila kituo kinapoonekana, hata kama lingali nusu. Choroa wanaonekana vizuri alfajiri na jioni. Saa sita mchana wanasimama chini ya mti wakiwa kama mawe meupe. Ukiwakimbiza na gari ili upate picha, unawaua pole pole kwa joto. Kuna pia swala wa aina mbili, na mwenye bahati anaweza kuona nyegere, simbamangu, mbwa mwitu wa Uarabuni au ndege tandawala.

Mwenye haraka, asiye na siku za kwenda Oman, anaweza kuwaona choroa karibu na Dubai penyewe, katika hifadhi ya jangwa ya kilomita za mraba 225 iliyo pembeni ya mji. Pale ni rahisi, ni safi, na ni ghali. Lakini historia kubwa iko Oman.

Na lugha isimtie mtu woga. Muscat kuna familia nyingi zinazosema Kiswahili nyumbani, sababu wazee wao waliishi Zanzibar kabla ya mapinduzi ya 1964, kisha wakarudi wakati Sultani Qaboos alipochukua utawala mwaka 1970. Wengine walitoka Burundi, Rwanda na hata Congo, na kati ya hao kuna wanaosikia Kifaransa. Kiswahili chao si cha Goma, watacheka "tunaendaka" na "niko nakula", lakini mtaelewana. Kiswahili chenyewe kilifika Maniema na Kisangani kwa misafara iliyotoka Zanzibar wakati Zanzibar ilikuwa chini ya masultani wa asili ya Oman. Misafara hiyo ilibeba pia minyororo. Hilo nalo lisisahaulike katika mazungumzo ya chai.

Sasa habari yenyewe. Mgeni akifika mbugani ataona mamia ya choroa, na atafurahi. Kisha ataona ua wa waya. Aulize kwa nini kuna ua.

Choroa wa mwisho wa porini aliuawa mwaka 1972, palepale Jiddat al-Harasis. Bunduki na magari vilimmaliza katika Arabia nzima. Bahati ni kwamba miaka kumi mbele, mwaka 1962, watu walishaona hatari inakuja, wakakamata choroa wachache kusini mwa Arabia na kuwapeleka Phoenix, Marekani, wakachanganywa na wengine wachache waliokuwa wanafugwa mahali mbalimbali. Kutoka kundi hilo dogo walizaa, wakaongezeka. Januari 1982 choroa kumi waliachiliwa tena porini Oman. Wakazaa tena. Mwaka 1994 UNESCO iliandika mbuga hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, eneo la kilomita za mraba 27,500, kubwa zaidi ya mara tatu kuliko Virunga. Kufika 1996 walikuwa 450.

Halafu wezi wakaingia. Hawakuwa wakitafuta nyama ya kula: walikamata choroa wakiwa hai, hasa majike, ili wauzwe kwa matajiri wa nje wenye bustani zao za nyama. Wengi walikufa njiani. Miaka kumi na moja baadaye, katika hesabu ya 2007, walikuwa wamebaki 65, na jozi nne hivi tu ndizo zilizoweza kuzaa.

Hapo serikali ya Oman ilifanya nini? Haikuongeza walinzi kwa nguvu. Ilikata mbuga kwa asilimia 90, sababu ilitaka kutafuta mafuta katika sehemu iliyobaki. Mwezi wa sita 2007, katika mkutano wa Christchurch, New Zealand, kamati ya urithi wa dunia ilifuta mbuga hiyo kwenye orodha. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia mahali kufutwa. Ndiyo maana leo choroa wa pale wako ndani ya ua. Wamezaa tena, wametunzwa vizuri, na serikali ya Oman inastahili sifa kwa hilo. Hata hesabu ya dunia ilipanda mpaka mwaka 2011 choroa akatolewa katika kundi la walio hatarini kabisa. Lakini choroa wa ndani ya ua, anayeletewa majani, si yule aliyekuwa anafuata mvua kilomita mia.

Msikilizaji aliye karibu na Rutshuru, Lubero au Beni ameshasikia mbali habari hii inakoelekea.

Virunga iliwekwa mwaka 1925, ni mbuga ya zamani kuliko zote katika Afrika. Iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994, mwaka uleule Oman ilipokuwa inapiga vigelegele, Virunga iko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kampuni ya mafuta kutoka Uingereza ilipewa ruhusa ya kutafuta mafuta, ikapima chini ya Ziwa Edward mwaka 2014, kisha ikasimama baada ya makelele ya wakaaji na ya dunia. Mwaka 2018 serikali ya Kinshasa ilitangaza kwamba inachunguza kutoa vipande vya Virunga na vya Salonga katika ulinzi ili mafuta yatafutwe. Julai 2022 ikapiga mnada vitalu vya mafuta na gesi, vingine vikigusa Virunga. Oktoba 2024 mnada huo uliondolewa. Kuondoa mnada si kuondoa tamaa. Mafuta hayajaenda popote, yako chini, na kila serikali yenye deni itayakumbuka.

Hapa lazima kusemwa ukweli ambao watu wa mashirika ya mazingira hawapendi kuusikia. Mama aliyekimbia Kibumba au Masisi, aliyepitia kambi za Kanyaruchinya, Rusayo au Bulengo na watoto watano chini ya shiti, akiambiwa "linda mbuga" anaweza kujibu: mbuga imenipa nini? Alipoingia msituni kutafuta kuni za kupika, alikutana na wenye bunduki, na wanawake wengi walibakwa njia hiyo. Aliponunua makala, bei ilimshinda. Miaka mia sasa mbuga iko, na mgeni mmoja amekuwa akilipa dola 400 kuwaona ngagi kwa saa moja, pesa ambazo mama huyo hajawahi kuzishika kwa mara moja. Akisikia kwamba Oman ilianza kuuza mafuta mwaka 1967 na leo ina barabara, shule na hospitali, kwa nini asiseme na sisi tuchimbe?

Swali lake ni la haki, na halijibiwi kwa picha ya ngagi mtoto.

Jibu liko upande mwingine wa inchi hii hii. Huko Muanda, kwenye mdomo wa mto Congo, mafuta yanachimbwa tangu miaka ya 1970. Karibu miaka hamsini. Anayetaka kujua mafuta yanamfanyia nini mkaaji wa Congo asiende Oman, aende Muanda, aulize wavuvi habari ya samaki na wakulima habari ya mashamba, kisha ahesabu barabara na hospitali. Oman ilikuwa na amani, ina watu wachache, na serikali yake iligawa sehemu ya pesa kwa raia. Congo haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Na ikumbukwe: Oman pamoja na amani yake na pesa zake zote ilishindwa kulinda mbuga na kuchimba kwa wakati mmoja katika udongo uleule. Nani ataamini kwamba hapa, kati ya vikundi vya silaha visivyohesabika, itawezekana? Bomba la mafuta katika Kivu ya Kaskazini litakuwa kizuizi kingine cha kulipisha watu na sababu nyingine ya kupigania kilima.

Tena Ziwa Edward si jangwa. Wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma wanakula kutoka maji hayo, na wanayanywa. Katika Jiddat al-Harasis mafuta yakimwagika yanamwagika juu ya mawe. Hapa yatamwagika ndani ya sufuria.

Lakini kuna sehemu ya habari ya Oman ambayo inapaswa kuwatia aibu wote wanaosimamia mbuga za Congo. Tambarare ile ina wenyewe. Ni Waharasis, kabila dogo la wafugaji wa ngamia na mbuzi, wenye lugha yao ambayo si Kiarabu. Choroa waliporudishwa, wanaume wao waliajiriwa kuwa walinzi, na walijua kila jiwe. Hata hivyo Dawn Chatty, mtafiti aliyefanya kazi nao miaka mingi, ameandika kwamba mpango ule uliletwa kutoka juu, mbuga ilichorwa juu ya malisho yao bila wao kushirikishwa katika maamuzi. Ajira ilikuwepo, sauti haikuwepo. Mtu mwenye mshahara tu atalinda mpaka mshahara unapokwisha au unapokuwa mdogo kuliko bei ya mwizi.

Na huku? Katika Kahuzi-Biega, Wabatwa walifukuzwa msituni miaka ya 1970 ili mbuga ipatikane. Ilibidi kungojea mwaka 2024 ili Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu itangaze kwamba Congo ilivunja haki zao. Pembeni ya Virunga mgogoro wa mipaka kati ya mbuga na wakulima haujaisha mpaka leo, na mara nyingi mkulima anajua mpaka siku mahindi yake yanapong'olewa. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika Virunga, wengi ni vijana wa vijiji vilevile, wana wa mama walewale waliokimbia. Hiyo ni damu ya pande zote, na kusema hivyo si kutukana mbuga.

Kuna jambo lililofanyika vizuri pia, na lisemwe. Umeme wa Matebe, megawati 13 tangu mwisho wa 2015, ulitoka katika mto wa mbuga na kufika Rutshuru na mitaa ya Goma. Viwanda vidogo vya kusaga vilianza, taa za barabara ziliwaka. Watu walioshikamana na umeme huo walianza kusema "mbuga yetu" bila kuambiwa na mtu. Shida ni kwamba taa haikufika katika shiti la kambi, na anayepika kwa kuni hawezi kusadiki maneno ya umeme. Kama serikali na wafadhili wanataka Virunga isikatwe kama ya Oman, waanze na hao: kuni zipandwe kwa ajili ya wakimbizi wa ndani na familia zinazowapokea, mipaka ichorwe mbele ya watu na machifu wao, na sehemu ya pesa ya watalii ielezwe wazi redioni kila mwaka, franga kwa franga, kijiji kwa kijiji. Siku vita vitakapopungua na wageni kurudi, hesabu hiyo iwe imeshaanza, isiwe ndiyo inaanza.

Jina la urithi wa dunia pekee halilindi kitu. Oman ililipoteza, na mkutano uliofuata walikunywa kahawa kama kawaida. Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega na Okapi ziko katika orodha ya hatari kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano sasa. Salonga tu ndiyo ilitoka, mwaka 2021.

Kwa yule anayefunga safari, basi: aende. Aombe ruhusa mapema, abebe maji, apakie darubini na koti la usiku, sababu jangwa usiku ni baridi. Akifika mbugani atafute dereva au mlinzi wa Kiharasis, amsalimie vizuri, akunywe kahawa yake chungu mpaka kikombe cha tatu. Asiulize kwanza choroa wako wapi. Amuulize baba yake alichunga ngamia wapi kabla ya mbuga, wapi wakati wa mbuga, na wapi baada ya mafuta. Kisha ajirekodi kwenye telefone, arudi nayo Goma. Redio za huku zitaipokea.